Kumwombea Mama Isabela

Optatus alikuwa na sauti ndogo. Hakuwa na ugonjwa wa koo, ndivyo alivyoumbwa. Akienda kununua chumvi dukani pale Chilangala, mwenye duka humwinamia juu ya meza na kumwambia, "Rudia, Baba Isabela." Akirudia, sauti hushuka zaidi, kwa kuwa sasa kuna watu wamegeuka kumtazama. Kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wimbo wa kufunga ibada unapofika ubeti wa mwisho, yeye yuko nje tayari, anahangaika na mnyororo wa baiskeli ambayo haina tatizo lolote.

Hata hivyo watu walimheshimu, na sababu yao ilikuwa moja. Walisema nyumba ya Optatus na Scholastika ni nyumba ya amani. Hujawahi kusikia kelele pale. Hujasikia sahani ikivunjwa, wala mama akitoka na kanga begani kwenda kushtaki kwa kaka yake. Ni kweli, hakuna aliyewahi kusikia. Optatus mwenyewe, akiyasikia maneno hayo, alikuwa anaangalia chini. Alijua kwamba pale nyumbani kwake hapakuwa na kelele kwa sababu hapakuwa na maneno.

Hakuzaliwa Chilangala. Alizaliwa Mkomaindo, pale Masasi, akamaliza darasa la saba, akapanda Newala kutafuta kazi ya kuokota korosho kwenye mashamba ya watu. Huko akamwona Scholastika na hakurudi tena. Kwa desturi ya huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Shamba ni la ukoo wa mke, watoto wanahesabiwa kwa mama yao, na mikorosho aliyoipanda Optatus kwa mikono yake ilikuwa juu ya ardhi ya wakweze. Siku ya ndoa yake mjomba wake alimvuta pembeni akamwambia, "Mwanangu, ukweni mtu hafukuzwi kwa maneno. Utaona tu unazungumza na hujibiwi. Ukishaona hivyo, kusanya nguo zako mapema." Pengine mjomba alikuwa anatania, maana siku hiyo alikuwa amekunywa. Optatus hakuwa hodari wa kujua utani unaishia wapi. Aliyachukua maneno yale, akaishi nayo miaka yote, mpaka mtoto wao Isabela akakua, akaolewa, akaenda kuishi huko huko Mkomaindo alikotoka baba yake.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, korosho zimeanza kudondoka kwa wingi, Optatus hakufanikiwa kuikimbilia baiskeli. Vijana wawili walimwahi mlangoni. Mmoja alikuwa Godwin, fundi wa pikipiki, na mwingine Loveness, msichana anayeshona nguo karibu na kanisa. Walikuwa wachumba.

"Shikamoo, Baba Isabela."

"Marahaba."

"Tuna ombi," Godwin alisema, akamtazama Loveness amsaidie.

Loveness akasema, "Tumekaa tukafikiria watu wa kutusimamia ndoa yetu. Tukaona hakuna nyumba nyingine. Tunataka tuishi kama nyinyi."

Msimamizi wa ndoa si mtu wa kusimama tu kanisani na kushika pete. Ndiye anayeitwa wakigombana, ndiye anayekaa nao na kuwaambia maneno. Optatus alikuwa anatafuta namna ya kukataa bila kuwaumiza, lakini Scholastika alikwishawafikia. Aliwatazama wale vijana wakicheka kwa aibu, naye akacheka, akawashika mikono.

"Ndiyo, wanangu," akasema. "Kwa moyo wote."

Mambo yakawa yamekwisha hapo.

Padri Eliakimu aliwaita wote wanne siku iliyofuata. Ndoa ilipaswa kufungwa kabla ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, kwa hiyo muda ulikuwa mfupi. Padri huyu alikuwa na utaratibu wake, ambao alikuwa ameuanzisha mwenyewe na jumuiya zote zikaupenda. Jumapili ya mwisho kabla ya ndoa, jumuiya hukutana alasiri nyumbani kwa wasimamizi. Msimamizi mume humwombea mkewe kwa sauti mbele ya watu, kisha mke humwombea mumewe. Baada yao wachumba nao huombeana vilevile.

"Lakini sitaki sala ya jumla," Padri alisema. "Sitaki mniambie, Bwana mbariki mke wangu, mpe afya njema. Sala hiyo anaweza kuiomba hata dereva wa basi anayepita. Taja jambo ambalo mwenzako analihitaji kweli, na wewe unalijua kwa kuwa unaishi naye. Kwako, Baba Isabela, hii ni kazi nyepesi."

"Ndiyo, Padri," Optatus alijibu, na Padri akasikia midomo tu ikigongana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Optatus alikuwa anatafuta kichwani jambo ambalo mke wake analihitaji. Alijua anapenda mbaazi zilizoungwa kwa nazi. Alijua anaumwa mgongo wakati wa kuokota korosho. Alijua kwamba hapendi kuona kisima cha nyumbani kikikaribia kukauka, maana kununua maji kwa ndoo huku juu kunamtia unyonge. Lakini hayo yote hata jirani aliyajua. Cha kwake yeye, cha ndani, hakukijua. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho walipozungumza jambo lisilo la chakula wala la shamba, na hakuipata.

Jioni ile aliamua kuuliza. Scholastika alikuwa jikoni amempa mgongo, anasonga ugali wa muhogo. Optatus alisimama mlangoni, akatazama mafiga.

"Mama Isabela," akasema, "ungependa nikuombee nini?"

Mwiko uliendelea kuzunguka. Scholastika hakugeuka wala hakutingisha bega. Alimaliza kusonga, akaepua, ndipo akageuka, akamwona pale mlangoni na kushtuka kidogo.

"Uko hapo? Sogeza kigoda, ule."

Alikula bila kujua anakula nini. Swali lile lilikuwa limemchukua mchana mzima kulipanga, naye hakuwa na jingine. Usingizini maneno ya mjomba yalikuwa yanakuja na kuondoka: utaona tu unazungumza na hujibiwi.

Tangu siku hiyo alianza kuona mambo. Ama pengine yalikuwapo siku zote na yeye hakuyatazama. Alimwambia Scholastika kwamba mbuzi wa jirani wameingia kwenye mihogo, mke akaendelea kufagia kana kwamba hakuna aliyesema. Alimwita kutoka nyuma ya nyumba, hakuitikia. Mara mbili Scholastika alivaa vizuri, akapanda bodaboda kwenda Newala mjini, akarudi na kifurushi kidogo cha dagaa ambacho angeweza kukipata hapo hapo kijijini. Hakusema alikokwenda, na Optatus hakuuliza. Tena sauti yake ilikuwa imekuwa kubwa. Akizungumza na Ziada, jirani yao, alizungumza kwa nguvu kama anayetaka mtu fulani asikie. Ndivyo Optatus alivyosikia, akiwa nyuma ya ukuta anaanika korosho kwenye jamvi:

"Isabela ananiita Mkomaindo! Korosho zikiisha nakwenda. Baba yake sijamwambia. Nimwambieje sasa?"

Ziada akajibu jambo kwa sauti ya chini, na Scholastika akasema, "Eh?"

Optatus alibaki na konzi ya korosho mkononi. Kwa hiyo ni kweli. Anakwenda kwa mtoto, na yeye ataachwa kwenye shamba la watu, mpaka watu wenyewe waje kumtazama na kujiuliza huyu bado anafanya nini hapa.

Mtu aliyeweza kumwambia alikuwa mmoja tu, Sultani, mume wa Ziada. Shamba lake lilipakana na lao, na kila msimu waliokota pamoja, leo kwako kesho kwangu. Sultani alikuwa Mwislamu, mtu wa maneno mengi, na alipenda kazi ile kwa sababu Optatus hakuwahi kumkatiza. Siku hiyo walikuwa wameinama chini ya mikorosho, wananyonyoa korosho kutoka kwenye mabibo.

"Nasikia mna shughuli," Sultani alisema. "Kumwombea mkeo mbele ya mkutano! Mimi nikimwombea Ziada naomba kimoyomoyo, maana naomba apunguze mdomo. Akisikia, nalala nje."

Optatus hakucheka. Alitupa korosho kwenye ndoo, akasema, "Anataka kuondoka."

"Sema juu, bwana. Hapa tuko na mikorosho tu."

"Mama Isabela. Anataka kuniacha."

Sultani alisimama wima, akajishika kiuno. "Kakwambia?"

"Hajaniambia."

"Umemwuliza?"

"Nilimwuliza jambo jingine. Hakunijibu."

"Astaghafirullah! Mtu hakukujibu swali moja, wewe umeshapewa talaka?" Sultani alitikisa kichwa. "Sikiliza, Baba Isabela. Mimi nakupenda, na nitakwambia. Wewe huongei na watu, unaongea na ardhi. Kila siku unaiambia ardhi habari zako, na sisi tulio karibu tunaokota maneno kwa bahati. Kasimame mbele ya mkeo. Mtazame usoni, muulize. Akikutukana, angalau utajua."

Optatus alikwenda nyumbani amekaza moyo. Lakini alipofika, alimkuta Nikolao, kaka yake Scholastika, amekaa kwenye kigoda uani, wanazungumza vichwa vimekaribiana. Walipomwona walinyamaza. Nikolao akasimama, akamsalimia vizuri, akauliza habari za korosho, akaaga haraka. Kaka wa mke ndiye mwenye neno katika ukoo. Akija na kunyamaza hivyo, kuna jambo limekwishaamuliwa.

Moyo uliokazwa ukalegea wote. Optatus aliingia chumbani, akatoa mfuko wake wa safari chini ya kitanda. Akakunja mashati yake, akakunja suruali ya kanisani, akaviingiza taratibu, kisha akausukuma mfuko tena mahali pake. Hakutaka kuondoka. Alitaka tu, kama atakuja kuambiwa, asionekane anatapatapa kutafuta nguo mbele za watu.

Jumapili ya sala ilifika. Watu wa jumuiya walianza kuja jua likiwa bado kali, wakavua viatu, wakaketi kwenye mikeka uani. Ziada alileta sahani na sufuria zake kusaidia kupika, na Sultani akaja nyuma yake, akasema amekuja kulinda sufuria. Godwin na Loveness walikaa mbele, wamevaa nguo zilizopigwa pasi, Godwin akitembeza midomo kama mwanafunzi anayekariri. Optatus na Scholastika walipangiwa mkeka wao katikati, ana kwa ana, wameshikana mikono kama Padri alivyotaka.

Mikono ya Scholastika ilikuwa baridi. Optatus alishangaa. Alidhani mwenye hofu ni yeye peke yake.

Wakaimba, Padri akasoma somo. Kisha akasema, "Baba Isabela, tuanze na wewe."

Optatus aliinamisha kichwa. Usiku kucha alikuwa ametunga sala ya mgongo na ya maji ya kisima, sala ya kupita tu. Lakini sasa, amefumba macho, mikono ile baridi imo ndani ya yake, aliona kwamba akiisema atakuwa amemdanganya Mungu mbele ya wale watoto wanaotaka kuishi kama yeye. Akafungua kinywa.

"Bwana," akasema kwa sauti yake ile ndogo, "huyu ni mke wangu. Padri ametuambia tutaje haja ya mwenzetu. Mimi siijui. Naishi naye, na siijui. Nilimwuliza hakunijibu. Nahofia amenichoka. Nisamehe."

Hakuna aliyesema Amina. Wanawake wa mstari wa mbele walikuwa wamesikia, wakawanong'oneza wa nyuma, na manong'ono yakaenda hadi ukutani. Optatus alifumbua macho. Alitegemea kuona uso wa mke wake umekasirika au umeona aibu. Uso wa Scholastika haukuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa anazungusha macho kwa hofu kutoka mtu hadi mtu, kama mgeni aliyeingia katikati ya jambo.

Akamwinamia Loveness. "Amesema nini?" akauliza. Alidhani ananong'ona, lakini kila mtu alisikia. "Baba Isabela amesema nini? Mbona wananitazama?"

Loveness akamwangalia Padri. Padri akamwangalia Optatus. Ziada, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, ndiye aliyejibu.

"Mama Isabela, waambie!" akapaza sauti. "Nilikwambia umwambie! Sema, mama, yaishe!"

Scholastika alitoa mkono mmoja, akashika sikio lake.

"Sisikii," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye anajitahidi kutabasamu. "Tangu masika ya mwaka jana. Hili la kushoto limekufa, na hili linakwenda. Wanaopaza sauti nawasikia. Wengine nawatazama midomo. Baba Isabela sauti yake ndogo, tena anatazama chini. Yeye ndiye niliyempoteza wa kwanza." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Hata hawa watoto walipokuja kuomba, sikusikia wanataka nini. Niliona wanacheka, nikasema ndiyo. Ni Ziada aliyeniambia baadaye kwamba nimekubali usimamizi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia.

"Madaktari wa Newala walinitazama, wakasema niende Mkomaindo, kwenye hospitali kubwa, wakanipime vizuri. Isabela ananisubiri. Nikamwambia kaka, nikamwambia Ziada. Yeye niliogopa kumwambia. Nilisema, mtu asiyependa kuongea, ukimwambia mkewe ni kiziwi, si ndiyo atanyamaza moja kwa moja? Halafu juzi nikiwa nafagia, nikaona mfuko wake umejaa nguo. Nikajua anarudi kwao."

Optatus alitaka kusema mambo mengi kwa pamoja. Watu wote walikuwa wanamtazama: jumuiya nzima, Nikolao kwenye kona, Sultani amesahau sufuria alizokuja kuzilinda. Hicho ndicho kitu alichokikimbia maisha yake yote, kutoka mlango wa kanisa hadi meza ya duka. Alimwona Sultani anamwonyesha kwa kidole chini ya kidevu: inua uso, bwana.

Akainua uso. Akamtazama mke wake machoni, akavuta pumzi, akapiga kelele.

"MAMA ISABELA!"

Kuku walitawanyika. Scholastika alishtuka, kisha akatingisha kichwa kwamba amesikia.

"UNATAKA NIKUOMBEE NINI?"

Sauti ilitoka imepasuka, kama ya kijana anayebalehe, na mishipa ya shingo ilimsimama. Nje watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kuuliza kuna nini. Scholastika alimtazama midomo, ingawa safari hii hakuwa na haja.

"Usirudi kwenu," akasema.

"SIRUDI!"

"Hata nikiwa sisikii kabisa?"

"SIRUDI! NITAKWENDA NA WEWE MKOMAINDO NA NITARUDI NA WEWE HAPA!" Akakumbuka kwamba hii inatakiwa kuwa sala, akatazama juu, akaongeza kwa nguvu ileile, "BWANA, UMESIKIA!"

"Amesikia, amesikia," Padri Eliakimu alisema taratibu, anapangusa miwani. "Na wa Masasi nao wamesikia. Amina."

"Amina!" jumuiya ikaitikia, na wengine walikuwa wanacheka na kulia pamoja.

Zamu ya Scholastika ilipofika, aliomba kifupi. Alimwomba Mungu ampe mume wake ujasiri wa kuwa hivi kesho, na kesho kutwa, hata pasipo na watu. Optatus aliitikia kwa kichwa. Hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imehama tu. Sasa alikuwa anaogopa Mkomaindo, anaogopa vipimo, anaogopa siku ambayo hata kelele haitafika. Lakini hii ilikuwa hofu ya watu wawili, na aliishika kwa mikono yote miwili.

Padri akawageukia wachumba. "Godwin."

Godwin alikuwa amekariri sala nzuri, ndefu, yenye aya za Zaburi. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akamgeukia Loveness na kumwuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, anataka aombewe nini.

Loveness aliinamisha kichwa. Akajibu kwa sauti nyembamba sana.

"Eh?" Scholastika akamvuta Optatus shati. "Amesema nini mtoto?"

Optatus alimgeukia, akainua uso. "ANASEMA ANAOGOPA!"

Loveness akajifunika macho kwa viganja. Scholastika akafikiria kidogo, akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusana na ya yule msichana.

"Mwambie hata sisi," akasema.

Na Optatus akamwambia.